Annastella na F ya Hisabati: Risala ya Kikundi cha Turudie, Kashai

Mgeni rasmi, Profesa Anatolia Byabato, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma;
Mchungaji na wazee wa usharika mliotupa ukumbi huu;
Wazazi, walezi, majirani na wanakikundi wote:

KARIBU KASHAI

Kasinge, mama, ndivyo tunavyokusalimu kwa Kihaya. Wewe ni mtoto wa Muleba, kwa hiyo hatuwezi kukukaribisha Kagera. Tunakukaribisha Kashai, mtaa wa vyumba vya kupanga na maduka ya milango miwili, na tunakukaribisha katika ukumbi huu ambao Jumapili asubuhi ni wa watoto wa usharika na siku nyingine jioni ni darasa letu. Ukiona ukutani picha ya safina ya Nuhu imebandikwa juu ya kanuni ya eneo la pembetatu, usishangae. Zote mbili zinafundishwa hapa.

Tulipopata habari kwamba utakuwa nyumbani kwa mapumziko mafupi na kwamba umekubali kukaa nasi, tuliitisha kikao kujadili tukwambie nini. Wapo waliotaka tukusomee takwimu. Mwenyekiti wetu, Datius, akasema, “Profesa takwimu anazo nyingi kuliko sisi. Tumweleze habari ya mtu.” Tukakubaliana, na wala hatukubishana ni mtu gani.

Mtu huyo ni Annastella Kaijage. Yuko chuoni kwako, mwaka wa tano wa udaktari wa binadamu. Tulimpigia simu kumwomba ruhusa. Akasema, “Someni. Ila msinipambe. Kama ni F, semeni F.”

Tutasema F.

KIKUNDI CHETU

Kikundi cha Turudie kilianza kwenye kibaraza cha Mwalimu Projestus Mutembei. Mwalimu Projestus ana shahada ya ualimu wa Hisabati na Fizikia. Bado anasubiri ajira, na wakati anasubiri anaendesha bodaboda kati ya Kashai na mjini. Jirani yake mmoja, fundi cherehani, alimwomba amfundishe ili arudie mtihani wa kidato cha nne. Wiki iliyofuata fundi akaja na mdogo wake. Baadaye wakaja wauzaji wa madukani, mama wenye watoto mgongoni, vijana wa saluni, mhudumu wa zahanati. Kibaraza kikajaa, mwenye nyumba akalalamika, na Mchungaji akatufungulia ukumbi.

Sisi sote tulimaliza shule tukiwa na matokeo ya katikati. Mgeni rasmi, wenye daraja la kwanza inajulikana wanakokwenda. Waliopata sifuri watu huwaonea huruma na kuwatafutia ufundi. Sisi wa katikati tuliambiwa tumejitahidi, tukapewa pole na hongera kwa pamoja, na kila mtu akaendelea na shughuli zake. Ilituchukua miaka kujua ni mlango gani umefungwa na ni upi bado unafunguka.

HABARI YA MWENZETU

Annastella alizaliwa Kaagya, katika kibanja cha mzee Ildefons Kaijage na mama Celina. Ni kibanja cha kahawa na migomba kama vya majirani, na Jumapili familia nzima iko kanisani, benchi lilelile. Alisoma shule ya kata ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwalimu wa Hisabati. Aliyekuwapo aliugua, akahamishiwa karibu na hospitali, na wa kushika nafasi yake hakufika. Kipindi cha Hisabati kikawa cha kufagia uwanja au kujisomea. Annastella anasema wakati ule hakusikitika hata kidogo. Alifurahi.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alikuwa na daraja la tatu. Kiswahili alipata B. Biolojia, Historia na Uraia alipata C. Kemia na Fizikia D, Hisabati F. Nyumbani walichinja kuku. Ile F hakuna aliyeijali, kwa sababu siku ile haikuwa imemzuia chochote. Kwa alama hizohizo alipokelewa chuo cha utabibu, na huko ndiko alikochanua. Alipenda kugusa mgonjwa, kumsikiliza, kuuliza swali la pili na la tatu. Walimu wake walimwona. Alimaliza stashahada akiwa miongoni mwa walioongoza, akapangiwa kazi zahanati ya kisiwa cha Goziba.

Wewe unakijua Goziba, mgeni rasmi, lakini wageni wengine hapa huenda hawakijui. Hakuna njia ya kufika huko isipokuwa boti. Ni kambi za uvuvi, mabati na maturubai, dagaa wameanikwa kila mahali pakavu. Watu wanatoka Mara, Mwanza, Kigoma na ng'ambo ya ziwa, na wanahama kwa kufuata samaki. Zahanati ilikuwa na Annastella na muuguzi mmoja. Wavuvi walimwita daktari tangu siku ya kwanza, na alipojaribu kuwasahihisha walimwambia asijishushe.

Mwaka wake wa pili pale aliletewa kijana mmoja, mshona nyavu, jina lake Avit. Alikuwa ameshikilia tumbo na hawezi kunyoosha miguu. Annastella alimpapasa, akajua: utumbo umetoboka, anatakiwa kupasuliwa. Alimwekea dripu, akamchoma sindano aliyokuwa nayo, akaandika rufaa, na wenzake Avit wakamlaza kwenye mtumbwi wa injini kuelekea Muleba. Alisimama mwaloni, pale ufukweni boti zinapofikia, mpaka mtumbwi ukawa mdogo. Jioni nahodha alirudi na blanketi la zahanati, limekunjwa vizuri. Akamkabidhi. Avit hakufika Muleba.

Alitusimulia habari hiyo mara moja, hapa ukumbini, na alisema hivi: “Nilijua anaumwa nini. Kujua kwangu hakukumsaidia kitu.” Basi ndipo alipoamua kusomea udaktari, awe mtu wa kupasua.

Aliomba chuo chako kwa simu yake, amesimama juu ya mwamba ulio nyuma ya zahanati, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa hauyumbi. Majibu yalikuja: hana sifa. Akafikiri wamechanganya majina. Akapiga simu ofisi ya udahili, na dada mmoja akapokea.

“Stashahada yako ni nzuri sana,” dada yule alimwambia. “Kinachokukwamisha ni Hisabati ya kidato cha nne.”

“Ile ya zamani?”

“Hiyohiyo. Kigezo kinataka angalau D. Wewe una F.”

“Sasa nifanyeje, dada?”

“Urudie mtihani. Ukifaulu, uombe tena.”

Mgeni rasmi, hatusomi haya kuilaumu ofisi yako. Kigezo kilikuwa kimeandikwa mahali pake, na yule dada alipokea simu na kujibu kwa upole, jambo ambalo si kila ofisi hulifanya. Tunasoma ili ujue kwamba tabibu aliyekuwa akihudumia kisiwa kizima alisikia habari ya kigezo hicho kwa mara ya kwanza akiwa juu ya mwamba, miaka mingi baada ya kuitia mfukoni ile F na kuisahau.

Likizo yake ilipofika alikwenda Kaagya. Mzee Ildefons alikuwa kibanjani anakata majani makavu ya migomba.

“Tata,” Annastella akamwambia, “nataka kurudia mtihani wa kidato cha nne.”

Mzee hakugeuka. “Si huko kisiwani wanakuita daktari?”

“Wananiita.”

“Sasa?”

“Mimi si daktari, Tata. Ni tabibu.”

“Na wao wanalijua hilo?”

“Hawalijui.”

Mzee akakata jani jingine, akaliweka kwenye shina. “Wewe unalijua,” akasema. Mazungumzo yakaishia hapo. Mama Celina ndiye aliyeuliza maswali ya mama: umri unakwenda, utaolewa lini, mshahara utaachaje.

Alifika kwetu siku aliyokuja Bukoba kikazi. Mwalimu Projestus alimkalisha mbele na kumuuliza kitu alichodhani kitamtia moyo. “Mtoto wa kilo nane anakuja na malaria. Dozi yake unaipataje?”

Annastella akataja dozi papo hapo.

“Unaona?” Mwalimu akasema. “Hiyo ni Hisabati. Unaifanya kila siku.”

“Hapana, Mwalimu. Iko kwenye chati ukutani. Nimeikariri.”

Darasa zima lilicheka, na Mwalimu alicheka pia. Kisha akafuta ubao na kuanza naye kwenye sehemu na uwiano, somo la watoto wa shule ya msingi, kwa sababu huko ndiko alikokuwa ameachwa.

Kuanzia hapo alisoma akiwa kisiwani. Mwalimu alimtumia masomo kwa ujumbe wa sauti na picha za ubao. Annastella alikokotoa kwenye upande mweupe wa maboksi ya dawa, akapanda mwambani, akatuma picha. Tulizizoea picha zile: swali la logi, na pembeni yake neno “paracetamol” limegeuzwa juu chini. Alikosea sana. Alikosea alama za kutoa, alikosea mabano, alisahau kuandika vipimo. Mwalimu alimrudishia kila kosa. Kwa wale waliokuwa wakimfahamu kama daktari wa Goziba, ilikuwa ajabu kumwona akisahihishwa hadharani na akisema ahsante.

Mtihani ulipokaribia aliomba ruhusa kazini, akapewa. Mpango ulikuwa aondoke na boti ya abiria siku moja kabla, alale Kashai kwa mmoja wetu, na asubuhi aingie chumba cha mtihani. Mzee Ildefons alikwishatuma mkungu wa ndizi kwa ajili yake.

Siku ile ya kuondoka, mwanamke mmoja aitwaye Maulida, mpishi katika kambi ya wavuvi, alikuja zahanati na uchungu wa mimba ya kwanza. Muuguzi alikuwa likizo. Annastella alimpima, akakuta mambo yanakwenda kawaida. Mwanamke wa namna hiyo angeweza kujifungua salama kwa msaada wa mama yeyote mzoefu wa kambini. Angeweza pia kutojifungua. Hakukuwa na namna ya kujua.

Boti ilipiga honi. Nahodha akatuma mtu, kisha akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

“Daktari, unapanda au hupandi?”

Annastella alimtazama Maulida, aliyekuwa ameshika ukingo wa kitanda na kuuma kanga.

“Nendeni,” akasema.

Kulipopambazuka Maulida alikuwa bado hajajifungua. Njia ilikuwa imegoma kufunguka zaidi na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameanza kushuka. Annastella alimtia kwenye mtumbwi wa injini, akakaa naye chini, mkono mmoja tumboni kwake na mwingine umeshikilia dripu. Ziwa lilikuwa limetulia. Anasema hilo ndilo jambo pekee alilopewa bure siku ile. Walifika nchi kavu, wakapata gari, wakafika hospitali Muleba, na Maulida akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Ndipo Annastella alipokaa kwenye benchi la korido na kumpigia Mwalimu Projestus.

“Mwalimu, mtihani umeanza?”

“Umeanza. Uko wapi?”

“Muleba. Hospitalini.”

“Unaumwa?”

“Nimemleta mgonjwa.”

Mwalimu alikuwa nje ya kituo cha mtihani, na kalamu ya akiba aliyomnunulia ilikuwa mfukoni.

“Basi, Mwalimu,” Annastella akasema, akakata simu.

Mama na mtoto walipona. Mtoto alikuwa wa kike, na kule kambini watu walimpachika jina la Mtihani. Annastella alirudi kisiwani na boti iliyofuata. Sheria ya mtihani ni moja nchi nzima na haina kipengele cha Maulida, na hatusemi ilitakiwa iwe nacho. Mtahiniwa asiyefika hakufika.

Kwa miezi kadhaa hakutuma picha yoyote. Mwalimu alimwandikia, hakujibu. Alitueleza baadaye kwamba hakuwa na hasira na mtu. Aliyachukia maboksi yale tu. Kila alipofungua dawa aliona upande mweupe, akaugeuza chini. Alikuwa ameanza kujiambia kwamba utabibu unatosha, na kwamba pengine Mungu amemjibu kwa njia hiyo. Mama Celina aliposikia hivyo kwenye simu alifurahi, kisha akaanza kulia, na hata yeye hakuweza kueleza analilia nini.

Halafu msimu wa mvua ukapita, na jioni moja simu ya Mwalimu ikalia akiwa amepakia abiria. Ilikuwa picha: swali la mfuatano, limekokotolewa lote, jibu sahihi, pembeni “amoxicillin”. Hakukuwa na salamu wala maelezo. Mwalimu alimshusha abiria wake mjini, akasimama kando ya barabara na kuandika alama ya vema, akatuma. Wakaendelea kama vile hawakuwahi kuacha.

Mwaka uliofuata Annastella alikuja Bukoba mapema, wiki nzima kabla. Siku ya mtihani alivaa gauni lake la kitenge na viatu vya kazini. Alipoingia chumbani, watoto waliokuwa wamekwisha kuketi walisimama wote.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba,” Annastella akajibu, akapita katikati yao, akatafuta namba yake kwenye dawati na kuketi. Binti aliyekuwa kando yake alimnong'oneza, “Kumbe na wewe?” Akamwambia, “Na mimi.”

Alikuwa akiomba D. Alipata C.

Mgeni rasmi, tungependa kukwambia kwamba baada ya hapo mlango ulifunguka wenyewe. Haikuwa hivyo. Aliomba tena chuo chako, na awamu ya kwanza hakuchaguliwa, kwa sababu nafasi za wanaotoka stashahada ni chache na waliomtangulia walikuwa wengi. Sasa sifa alikuwa nazo. Nafasi ndiyo iliyokosekana. Awamu ya pili akaomba tena. Ujumbe ulipoingia alikuwa anashona mguu wa mvuvi aliyekatwa na mfuniko wa injini. Simu ililia mezani, akaendelea kushona. Alifunga kidonda, akamwelekeza namna ya kukisafisha, akanawa mikono, akasoma. Mvuvi akamuuliza kama kuna msiba.

“Hapana,” Annastella akamwambia. “Nimepata chuo.”

“Chuo cha nini tena, daktari?”

Ikabidi amweleze.

Sasa tunafika kwenye sehemu aliyotusisitizia tusiiruke. Mwaka wa kwanza alifeli Biokemia. Wenzake wengi walitoka kidato cha sita na A zao, mambo ya molekuli waliyajua tangu shuleni, na yeye alikuwa mtu mzima aliyezoea wagonjwa na si vitabu. Alipoona matokeo alikwenda kukaa nyuma ya bweni. Hakumpigia baba yake. Alimpigia Mwalimu Projestus.

“Nimefeli.”

“Alama ngapi?”

“Mwalimu, nimesema nimefeli.”

“Nimekusikia. Nauliza alama ngapi ili tujue tunaanzia wapi.”

Akamtajia. Mwalimu si mtu wa Biokemia na hakujifanya. Alimwambia amtafute mwanafunzi aliyefaulu somo lile na amwombe amfundishe, kama alivyokuwa akisahihishwa hapa. Annastella alimpata binti mmoja mdogo kwake kwa miaka mingi, akakaa mbele yake na daftari. Alirudia mtihani, akafaulu. Anakiri kwamba katika wiki zile aliwaza kuwa pengine mlikuwa sahihi kumkataa. Tangu hapo hajafeli somo.

Na leo? Leo yuko wodini kila asubuhi. Si wa kwanza darasani, wala hajawahi kuwa. Yuko katikati, kama alivyokuwa kidato cha nne. Tofauti ni katikati ya akina nani. Mwaka huu aliruhusiwa kwa mara ya kwanza kusimama kama msaidizi kwenye upasuaji wa utumbo uliotoboka. Alishika kile alichoambiwa ashike. Mgonjwa alitoka wodini kwa miguu yake, na Annastella alimsindikiza mpaka getini ingawa haikuwa kazi yake.

TULICHOPATA

Wengine tuna mafanikio madogo zaidi. Mwenyekiti wetu Datius amerudia Kemia na anasoma stashahada ya kilimo, na likizo anafundisha hapa. Fundi cherehani aliyeanzisha kikundi alipata cheti chake, akabaki na cherehani yake kwa hiari, na sasa anahesabu vitambaa bila kubahatisha. Elieth, aliyekuwa mhudumu wa zahanati, anasomea shahada ya uuguzi. Wapo waliorudia wakapata alama zilezile. Hao pia ni wanakikundi, na wapo humu ukumbini.

YANAYOTUKWAZA

La kwanza umeshalisikia. Watu wanajua vigezo wakiwa wamechelewa. Mtoto wa kidato cha pili anayefurahia kukosa kipindi cha Hisabati hajui anafunga kitu gani, na mzazi wake anayechinja kuku hajui pia. Wakijua baadaye, wengi wanaona aibu kurudi kuketi na watoto.

La pili ni ziwa. Mtahiniwa wa kisiwani anayesajiliwa Bukoba anategemea boti, upepo na afya ya watu wengine.

La tatu ni maabara. Anayerudia Biolojia, Kemia au Fizikia anahitaji kugusa vifaa kabla ya mtihani. Sisi tunachora bureti ubaoni.

La nne, wanaofika chuoni kwa njia yetu wanafika wakiwa wamepungukiwa kitu. Hatuoni sababu ya kukuficha. Annastella alipungukiwa, na alilipia upungufu huo kwa machozi.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, hatukuombi ushushe kigezo. Tulilijadili jambo hili kwa kirefu na Annastella mwenyewe ndiye aliyelikataa kwa ukali. Alisema siku atakapompasua mtu, angependa mtu huyo ajue kwamba hakuna aliyemfumbia macho.

Tunaomba chuo chako kimtume mtu Kagera, walau mara moja kwa mwaka, aje aseme kwa Kiswahili cha kawaida nani anaweza kuomba nini na kwa alama zipi. Asiishie mjini. Aende Kaagya, aende visiwani. Aseme na wazazi, si wanafunzi peke yao. Kama ukiona inafaa, mtu huyo awe Annastella likizoni. Atakuja tu, hata msipomtuma.

Tunaomba pia wale mnaowapokea kutoka stashahada wapate mafunzo mafupi ya sayansi za msingi kabla masomo hayajaanza. Wiki chache zingetosha kumwondoa mtu nyuma ya bweni.

Kituo cha mtihani karibu na visiwa na maabara ya kufanyia mazoezi haviko chini yako, tunajua. Lakini wewe ukizungumza na wakubwa wa wilaya watasikiliza. Sisi tumezungumza.

HITIMISHO

Limebaki jambo la ratiba. Chakula kipo: ndizi, maharage, na senene, panzi wetu wa kukaanga, kwa sababu umekuja katika msimu wao. Lakini waliokaa mabenchi mawili ya mbele, hao waliovaa nadhifu na wasiotulia, hawatakula nasi. Kesho saa mbili asubuhi wana mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne. Yumo mama wa watoto wanne. Yumo dereva wa lori. Mwenye sauti mnayoisikia ikisoma risala hii, Joyness, naye yumo, na kama sauti imetetemeka mahali fulani, isameheni; haikuwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Kwa hiyo tunaomba, mama, utakaposimama kutujibu, uanze na wao. Waambie utakayowaambia, kisha uwaruhusu waende wakalale. Sisi wengine tutakaa nawe mpaka utakapochoka.

Mungu akulinde safarini, ailinde nyumba yako ya Muleba na wote wanaokungoja huko, na awape kesho watahiniwa wetu akili tulivu na kalamu zisizokauka.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Turudie, Kashai, Bukoba.